Mwaka wa Kufuli Ndogondogo

Nianze na ujinga wangu, kwa sababu majirani watauanza hata nisipouanza. Mwaka ule shemeji yangu Musyoka alipoleta kompyuta yake kwetu Matiliku, mimi ndiye niliyeizima. Na sikuizima kwa bahati mbaya, ingawa kwa miaka mingi nimesimulia hivyo. Niliizima kwa makusudi na kwa roho safi, kama mtu anayezima taa iliyosahaulika mchana. Yeye alikuwa ametoka, skrini ilikuwa nyeusi, na feni ndani ya lile sanduku ilikuwa ikinguruma peke yake kama mzee aliyesinzia baada ya kula, huku ikila stima ya mama yangu. Nikafuata waya mpaka ukutani, nikachomoa. Nikajiona mtu wa maana. Musyoka aliporudi alisimama mlangoni akasikiliza, na kabla hajaangalia chochote akauliza, "Nani ameizima?" Nikasema ni mimi, nikingoja asante. Akaketi juu ya gunia la mahindi akashika kichwa kwa mikono miwili. Kumbe skrini nyeusi si mashine iliyolala. Ilikuwa kwenye jaribio refu ambalo lilihitaji kuachwa liende lenyewe, na mimi nilikuwa nimelikata karibu na mwisho. "Shemeji," akaniambia, akicheka kicheko cha mtu aliyeumwa na nyuki, "umeua."

Neno hilo limenirudia tangu tulipomzika mama mwezi uliopita. Wageni wameondoka, viti vya kanisa vimerudishwa, na dada yangu Ndinda, mjane wa Musyoka, amebaki nami kupanga vitu. Anataka kile chumba cha nyuma kisafishwe kipangishwe. Ni haki yake, na ni akili, kwa sababu chumba kimekaa bure miaka yote hii. Kila asubuhi namwambia nitakisafisha leo, na kila jioni namwambia kesho. Yeye anadhani ni uvivu, na nimemwacha adhani hivyo kwa sababu jina hilo nimelizoea. Wenzangu tuliomaliza nao kidato cha nne walikwenda Nairobi na Mombasa, mmoja akafika hata Uarabuni. Mimi nilifika jikoni. Nilijaribu kuondoka mara moja, nikafika stendi ya magari, nikakumbuka sijaanua nguo, nikarudi. Kwa hiyo kila nitakachosema hapa kilitokea ndani ya ploti moja: duka mbele, korido nyembamba, jiko upande huu, chumba cha nyuma upande ule, na uani choo, bafu na lango dogo la kutokea barabarani. Mtu angeweza kuizunguka yote kabla chai haijapoa. Na bado watu wawili walishindwa kuenea humo.

Watu wenyewe walikuwa mama yangu na Musyoka, na hakuna aliyemkosea mwenzake. Ni ile nthoni yetu Wakamba. Mama mkwe na mkwewe wa kiume hawapishani mlangoni, hawali pamoja, hawashikani mkono, na wakikutana njiani kila mmoja anatafuta kichaka chake. Wengi walikuwa wameanza kuilegeza miaka hiyo, hasa watu wa kanisa, na pasta wetu alikuwa amemwambia mama waziwazi kwamba hayo ni mambo ya zamani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea chai, akamjibu: "Yesu amenisamehe dhambi, pasta. Adabu hajaniondolea." Kwake nthoni haikuwa hofu. Ilikuwa jinsi ya kumpenda mtu kwa kumpa nafasi. Lakini Musyoka alikuwa amepoteza kazi Nairobi. Kampuni ilipofunga milango ilimpa ile kompyuta badala ya haki yake, na nyumba aliyopanga na Ndinda, kule nyuma ya uwanja wa mifugo, haikuwa na stima. Stima ilikuwa kwetu. Kulala alilala kwake, maana kulala kwa mama mkwe hakungewezekana, lakini kila asubuhi Ndinda akienda kufundisha, yeye alikuja kwetu, akanywa chai jikoni mama akiwa dukani, kisha akajifungia na mashine.

Utaratibu wa kwanza ulikuwa wa mama na ulikuwa rahisi. Akikaribia, alikohoa. Akikohoa, Musyoka aliacha chochote alichokuwa akifanya, akatoka kwa lango dogo, akaenda kusimama duka la jirani mpaka nimwite. Haikujalisha mama alikuwa akienda wapi. Akienda choo, Musyoka alitoka chumbani. Akitaka chumvi jikoni, Musyoka alitoka chumbani. Mara nyingine mama alikohoa kwa sababu alikuwa na kikohozi, na Musyoka alitoka. Duka la jirani lilikuwa la Mama Halima, mke wa mfanyabiashara wa mifugo aliyetoka kaskazini mashariki. Aliuza nguo, sukari na tambi, na hakujua kusema jambo kwa kuzunguka. Nilimsikia kupitia ukuta karibu kila siku: "Injinia! Umefukuzwa tena?" "Nimepumzika kidogo, mama." "Kupumzika na kalamu sikioni? Haya, kaa. Shika hii mizani, fanya kazi kama watu." Musyoka alimpimia sukari wateja wake, kichwani akiwa bado na namba zake, na akirudi chumbani alikuwa ameshasahau alipofika.

Wakitaka kuzungumza walizungumza kupitia kwangu, hata kama ukuta ulikuwa mwembamba kiasi cha kusikia mtu akikuna ndevu. Mama angesema jikoni, kwa sauti ya kutosha kanisa zima, "Mwende, mwambie yule mtu wa Ndinda kuna muthokoi umebaki." Jina lake hakulitaja hata siku moja. Kutoka chumbani sauti ingesema, "Mwende, mwambie mama nashukuru, nimeshiba." Na mimi katikati, kwenye korido, ningesema, "Mmesikiana, ama nipige mhuri?" Mama alinitupia kifuniko cha sufuria kwa ajili ya hilo. Lakini nilisikia chumbani mtu akicheka, na jikoni mtu akijizuia kucheka, na nikafikiri kwamba hao wawili wangekuwa marafiki wakubwa kama wangewahi kuonana.

Siku ya ule ujinga wangu ndiyo siku alipoamua kunieleza alichokuwa akifanya, nadhani ili nisiue tena. Nilikuwa nimempelekea chakula kama fidia. "Angalia, shemeji. Mashine nyingi zina ubongo mmoja. Hii ina bongo mbili. Sasa ndani kabisa kuna programu inayotawala zingine zote. Ndiyo inayogawa nafasi ya kumbukumbu, ndiyo inayoamua nani asome diski na nani angoje. Hiyo tunaiita kiini. Na walioiandika waliogopa. Waliona bongo mbili zikiingia kwenye kiini pamoja, zitashika kitu kimoja na kukiharibu. Kwa hivyo wakaweka kufuli moja kubwa mlango wa mbele. Ubongo mmoja ukiingia, mwingine unasimama nje."

"Hata kama unataka kitu kingine?"

"Hata kama unataka kitu kingine kabisa. Huyu anataka chumvi, yule anataka kuoga, lakini nyumba nzima imefungwa."

"Hiyo si mashine," nikamwambia. "Hiyo ni mama."

Alicheka mpaka kifua kikambana. Alikuwa na pumu tangu utotoni, na alitembea na kidude cha kuvuta dawa, cha rangi ya buluu, ambacho alikisahau kila mahali: juu ya tangi la maji, kwenye mizani ya Mama Halima, kwenye kiondo changu. Alivuta, akangoja pumzi irudi, akasema taratibu, "Basi kazi yangu ni hiyo. Kulivunja hilo kufuli kubwa kuwa kufuli ndogondogo. Moja ya diski, moja ya kumbukumbu, moja ya orodha ya kazi. Kila mtu afunge anachotumia tu." Rafiki yake mmoja aliyebaki Nairobi alifanya kazi na watu waliouzia mabenki mashine kubwa, na alikuwa amemwahidi: ukiweza kufanya bongo mbili zifanye kazi bila kungojana, kuna nafasi yako hapa. Ndiyo iliyokuwa maana ya kila kitu mwaka ule. Kazi ikipatikana, angejenga kwake, na mwanamume mzima angeacha kula kwa mama mkwe kama kifaranga. Hakulisema hivyo. Lakini nilimwona jinsi alivyoosha kikombe chake haraka kila asubuhi, na kukirudisha rafuni mahali palepale kilipokuwa, kana kwamba hakikutumika.

Nilirudi siku zilizofuata na maswali. Nilikuwa mtu wa kukaa nyumbani, na hapa nilikuwa nimempata mtu ambaye kazi yake ni kufikiria milango kutwa. Nikamuuliza, kama ni rahisi hivyo, kwa nini wenyewe hawakufanya? Akasema kuvunja si kazi. Hatari iko baadaye. "Huyu ameshika diski, anangoja kumbukumbu. Yule ameshika kumbukumbu, anangoja diski. Hakuna mwenye makosa. Kila mmoja anafuata sheria. Na watasimama hivyo mpaka stima ikatike."

"Si mmoja aseme?"

"Aseme na nani? Wamefundishwa kungoja tu."

"Na dawa yake?"

"Mpangilio. Kila mtu achukue kufuli kwa utaratibu uleule, diski kwanza, kumbukumbu baadaye, hata kama inakuchelewesha. Ukivunja mpangilio mara moja, umekwisha." Akaniangalia, akasema kitu ambacho mpaka leo nikikunja nguo hukikumbuka: "Wewe ungefaa hii kazi. Unapenda kukaa ndani na unapenda kujua nani yuko wapi." Nilimcheka. Lakini usiku ule nilijiona kwenye chumba fulani Nairobi, nikiwa na kalamu sikioni, na kwa mara ya pekee maishani sikuiogopa Nairobi.

Ndipo tukaitengeneza nyumba. Sikumbuki nani alitoa wazo kwanza. Tulikuwa tukicheka wote wawili. Kama mashine inaweza kuwa na kufuli ndogondogo, na ploti je? Tulipigilia msumari juu ya mlango wa jiko. Mama akiwa jikoni anatundika leso. Musyoka akiona leso, jiko lina mtu, anarudi. Choo tukakiwekea kopo juu ya nguzo. Korido, kwa sababu ni ya kupita tu, ikabaki na kukohoa: kohoa, ngoja kidogo, pita. Musyoka alisema hata kwenye kiini ni hivyohivyo. Kama kungoja ni kufupi, zunguka papo hapo mlangoni. Kama ni kurefu, nenda ulale, utaamshwa. Na chumba cha nyuma tukakipa sheria yake kwa heshima ya ujinga wangu: feni ikinguruma, chumba kina mtu, hata kama mtu mwenyewe ni mashine. Mlango usiguswe. Mpangilio ule, wa nini kwanza na nini baadaye, hatukuuweka. Tuliona hauna haja. Watu wawili tu, vijumba vinne.

Nilimpelekea mama sheria hizo nikidhani atanifukuza. Alizisikiliza kama alivyomsikiliza pasta. "Kwa hivyo nikitaka chumvi hatakwenda barabarani?" "Hapana." "Na hatutaonana?" "Hamtaonana." Akafikiri. "Yule mtu wa Ndinda ana akili," akasema, na kesho yake leso yake nzuri, ya maua mekundu, ilikuwa juu ya msumari. Ilifanya kazi. Siwezi kueleza jinsi nyumba ilivyotulia. Mama alipika bila haraka. Musyoka alikaa chumbani asubuhi nzima bila kufukuzwa, na kazi yake ikaanza kwenda. Nilisikia vidole vyake kwenye kibodi kama mvua ndogo juu ya bati. Kila alipofika mahali pazuri alituma disketi Nairobi kwa posta, nami nilitumwa nayo, safari yangu ndefu ya wiki. Mama Halima tu ndiye aliyelalamika. "Mmeniibia mtu wangu wa mizani," aliniambia. "Siku hizi nasikia nyinyi kimya. Hata kukohoa mmeacha. Nyumba ya watu wazima haikai kimya hivyo." Nikamwambia ni maendeleo. Akasema, "Haya."

Nimekuwa na miaka mingi ya kulifikiria hilo jibu lake. Kufuli kubwa lilikuwa upuuzi na lilichosha kila mtu, lakini lilikuwa na tabia moja: liliuliza. Kila mama alipokohoa, mtu alipaswa kujibu kwa miguu yake. Akitoka, tulijua yu mzima. Kwa kufuli ndogondogo hakuna aliyehitaji kumwuliza mwenzake chochote. Uliangalia leso, ulisikiliza feni, ukaenda zako. Tulipunguza kungoja, na pamoja nako tukapunguza kujuana hali.

Siku yenyewe mimi sikuwepo. Mtu ambaye hakuwahi kuondoka, siku hiyo aliondoka. Kulikuwa na kutoa mahari ya binamu yetu kule Kanyangi, shule zilikuwa zimefungwa, na Ndinda alinikokota akisema nitaota mizizi. Tulivuka mto asubuhi, nikala, nikacheza kidogo, nikachukia viatu vyangu. Ndinda alibaki alale kwa shangazi. Mimi, bila shaka, nilirudi. Nilifika jua likiwa bado juu ya mabati ya soko. Mama alikuwa ameketi mlangoni mwa duka, uteo mapajani, akichagua mbaazi ambazo nilizitazama nikaona zimeshachaguliwa.

"Yule mtu amekula?" nikamuuliza.

"Hajatoka."

"Tangu saa ngapi?"

"Anafanya kazi," mama akasema. "Si unasikia?"

Nilisikia. Feni ilikuwa ikinguruma. Leso haikuwa juu ya msumari. Jiko lilikuwa wazi, chakula kimefunikwa mezani na sahani juu ya sahani. Nikaenda kwenye korido, nikakohoa. Nikasema, "Shemeji, Kanyangi wanakusalimu." Kimya, na feni. Na sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu watu husema ni nthoni, ni nthoni, kana kwamba ni mama peke yake. Mimi sikuwa na nthoni na Musyoka. Mimi na yeye tulitaniana, tulikula sahani moja. Lakini nilisimama mbele ya mlango ule na sikuugusa. Nilifikiri labda yuko kwenye lile jaribio refu. Nilifikiri nitaua tena. Nikaenda nikavua viatu, nikajimiminia chai.

Nilikuwa nikiinywa Mama Halima alipoingia kurudisha chungio la unga. Alisimama katikati ya korido akageuza kichwa. "Injinia yuko?" "Yuko kazini." "Leo hajanipigia hodi hata moja. Kila siku akitoka kunyoosha miguu ananiambia salama alaikum vibaya, leo hakuniambia hata vibaya." Akaweka chungio chini. Mama, kutoka dukani, akasema kwa sauti ndogo, "Feni inalia, Mama Halima." Mama Halima akasema, "Mimi si Mkamba," akasukuma mlango.

Alikuwa ameketi, kichwa juu ya meza karibu na kibodi, mkono mmoja umeshika shati kifuani. Alikuwa amepoa. Mbele yake skrini ilikuwa na uhai wote. Namba zilikuwa zikipanda safu mbili kwa pamoja, upande huu na upande ule, bila kusimama na bila moja kungoja nyingine, jinsi alivyoniambia zingepanda siku itakapofaulu. Nilizitazama hizo kwanza. Mungu anisamehe, nilizitazama hizo kwanza. Nyuma yangu mama alifika mpaka kizingitini, akaishia hapo. Hakuingia. Aliivuta leso yake ya kiunoni akajifunika uso wote, na chini ya kitambaa nikamsikia akikohoa kidogo, kwa adabu, mara moja, kama mtu anayeomba njia.

Kile kidude cha buluu kilikuwa jikoni, rafuni, karibu na chumvi, hapo alipokiacha akinywa chai. Mama alinionyesha kwa kidole, hakukishika. Kompyuta hakuna aliyeizima. Mama Halima alisema, "Zimeni hiyo kitu," tukaangaliana. Ilinguruma matanga yote, waombolezaji wakidhani ni friji, mpaka siku moja kabla ya kuzika, stima ya soko ilipokatika yenyewe.

Rafiki yake wa Nairobi alikuja kwenye mazishi, kijana mpole mwenye suti iliyomzidi, akaomba kusema. Alisema disketi ya mwisho ilifika na waliijaribu. "Imefanya kazi," alisema. "Nafasi yake ilikuwa tayari. Na watu wengi watatumia zile mashine bila kujua kwamba yuko mtu, hapa Matiliku, aliyewapunguzia kungoja." Watu waliitikia. Mama aliinuka katikati ya safu za wanawake, akapita nyuma ya turubai, akarudi nyumbani peke yake kabla udongo haujatiwa. Walisema ni uchungu wa mzazi. Mimi nilidhani hivyo pia, mpaka msimu wa mbaazi uliofuata, tulipokuwa tukizipukuchua wawili, aliponiambia bila kunitazama.

"Alikuja," mama alisema. "Asubuhi ile. Niliona miguu yake chini ya leso."

Nikaacha kupukuchua.

"Akasimama. Nikajua anataka jiko. Nikasema moyoni, ngoja nimalize haraka nimpishe. Nilikuwa na sufuria motoni. Akasimama kidogo, akarudi. Hakusema."

"Na wewe?"

"Mimi niseme nini na yeye? Nikaharakisha. Nikaacha mboga haijaiva, nikatoa leso, nikakohoa, nikaenda dukani. Nikaketi mgongo umeelekea huko ili awe huru." Alipukuchua ganda moja, akalitazama ndani. "Baadaye nikasikia kikombe kimeanguka kule chumbani. Nikasema, vizuri, anakunywa chai."

Hatukulizungumza tena. Chini ya lile kufuli la zamani, angekuwa amefukuzwa kama kawaida. Pumu ingemkuta kwenye kaunta ya Mama Halima, katikati ya watu na sukari, na mtu angepiga mbio kukileta kile kidude. Hilo najiambia. Kisha najiambia kwamba pumu ni pumu, na watu wamekufa nayo hospitalini. Kisha naona miguu chini ya maua mekundu. Yeye alikuwa anangoja jiko aliloshika mama, na mama alikuwa anangoja atoke kwenye chumba alichoshika yeye, na hakuna aliyevunja sheria, na sheria tulizitunga mimi naye tukicheka.

Tangu siku ya kifo kile mama hakupita mlango wa chumba kile bila kukohoa. Miaka yote. Akiwa na ndoo, akiwa na wageni, akiwa mzee wa kushikwa mkono na mimi nikimpeleka kuoga, tukifika hapo alisimama, akakohoa, akangoja kidogo kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kutoka, ndipo akapita. Nilimtania mwanzoni. Nilimwambia nitamtoza ushuru. Kisha nikaacha kumtania. Na wiki ya kwanza baada ya kumzika, nikipita na ufagio, nilisikia mtu akikohoa kwenye korido kwa adabu, nikageuka kumtafuta, na hakukuwa na mtu ila mimi.

Leo asubuhi Ndinda amenipa ndoo na tambara akasema, "Mwende, leo ni leo. Mpangaji anakuja kuangalia." Yeye mwenyewe akaenda sokoni, nadhani hakutaka kuwepo. Mama Halima alikuwa ameingia kutuona. Amezeeka, anatembea na fimbo, lakini macho na ulimi ni vilevile. Alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, chini ya ule msumari ambao hakuna aliyewahi kuung'oa, akanitazama nikisimama mbele ya chumba na ndoo yangu. Hakuna feni iliyokuwa ikilia. Nilinyoosha mkono, nikaurudisha. Nikakohoa. Nikangoja. Nikakohoa tena.

"Wewe kohoa mpaka ufe," Mama Halima akasema. "Yule mtu alitoka humo zamani, mimi ndiye nilishika miguu."